Lengo moja kwa kila mtu kabla ya msimu ujao

Ndugu zangu, habari za jioni. Msimu wetu wa baiskeli umekwisha, hongereni sana. Ratiba mpya haitoki sasa: pumzikeni wiki mbili kamili. Osheni baiskeli, pakeni mnyororo mafuta, laleni vya kutosha.

Kisha kila mmoja aniandikie lengo moja linalopimika. "Nataka kuwa na kasi" halitoshi. Mimi mwaka huu niliachwa kila mara kwenye mlima wa mwisho. Nilikuwa nakanyaga gia nzito, mizunguko ya pedali kama 60 kwa dakika, mapaja yakiwaka moto. Lengo langu ni kupanda kwa gia nyepesi, mizunguko 80 na kitu, kwa dakika 20 mfululizo.

Miezi ya mwanzo tuendeshe taratibu, mwendo wa kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Najua wenye miguu myepesi watachoka kusubiri, lakini hapo ndipo pumzi inapojengwa. Mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, na kila wiki ya nne tupunguze mazoezi.

Mwenye maumivu ya goti asijikaze, aniambie tuangalie urefu wa kiti chake. Nasubiri malengo yenu hadi Jumapili jioni, mapumziko yakiisha.