Virusi si bakteria wadogo

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe kosa linalojirudia katika makala za afya, nalo ni kudai kwamba virusi ni bakteria wadogo zaidi. Bakteria ni kiumbe hai chenye seli yake, na huongezeka kwa kujigawa. Kirusi hakina seli. Ni maelekezo ya urithi, yaani DNA au RNA, yaliyofungwa ndani ya ganda la protini, na baadhi ya virusi huwa na utando wa mafuta juu yake.

Kikiwa peke yake, kirusi hakili, hakikui wala hakizaliani. Kikikutana na seli yenye vipokezi, yaani sehemu za juu yake za kunasia vitu, vinavyolingana nacho kama kufuli na ufunguo wake, hujishikiza, huingia na kuvuliwa ganda, kisha maelekezo yake huifanya seli itengeneze sehemu za virusi vipya, ambazo huunganishwa na kutoka, pengine kwa maelfu, mara nyingi seli ikifa. Binafsi sijaacha kustaajabia jambo hili.

Hapo ndipo kosa hilo linapodhuru. Antibiotiki nyingi hushambulia ukuta wa seli ya bakteria au mitambo yake ya kutengenezea protini, ilhali kirusi hakina ukuta huo, na mitambo kinayoitumia ni ya mgonjwa mwenyewe. Anayemeza antibiotiki kwa ajili ya mafua, ambayo huletwa na virusi, hatibu chochote, bali huwapa bakteria waliomo mwilini nafasi ya kuwa sugu. Nawasihi waandishi wenu watenganishe maneno haya mawili kila wanapoyatumia.

Msomaji wenu