Kitambaa cha jikoni, mchicha na chumvi

Habari za asubuhi wapendwa. Kabla ya kikao cha Jumamosi, naomba tuangalie kitambaa cha kufutia vyombo. Kile kinachokaa kimelowa pembeni ya sinki siku tatu, ukikinusa tu unajua. Kichemsheni dakika 5, kisha mkianike juani kikauke kabisa.

Mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, maana vitamini C huyeyuka kwenye maji. Uive kidogo tu, ungali kijani.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku, na hapo mhesabu vile viungo vya pakiti (jamani, vina chumvi nyingi!).

Kuku mbichi na kachumbari visikatiwe ubao mmoja. Mwenye ubao wa ziada aje nao Jumamosi, tafadhali.