Charlotte Kalla hakuteleza, alipanda mlima

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka nenda miaka rudi bila kukuandikia hata mstari, lakini ile makala ya Jumapili kuhusu "warembo wa theluji" imenishinda kunyamazia. Charlotte Kalla, Mswidi wa mbio ndefu za skii, zile mbao nyembamba zinazofungwa miguuni kwenda juu ya theluji, mmempa aya moja. Nusu yake ni tabasamu lake, na nusu iliyobaki mnatuambia dhahabu ya Olimpiki ya Sochi aliipata kwa bahati.

Mimi naishi kaskazini mwa Uswidi na nafanya kazi katika nyumba ya wazee. Februari 2014 tuliziangalia mbio zile za kupokezana pale sebuleni. Kalla alipopokea zamu ya mwisho, Ufini na Ujerumani walikuwa wamemwacha kwa zaidi ya sekunde 20. Mzee mmoja, mtu wa pande za Tärendö, kijiji anachotoka Kalla, alikata tamaa akaomba nimpeleke akalale. Nikalegeza breki za kiti chake cha magurudumu. Tulipofika mlangoni, mtangazaji akaanza kupiga kelele. Mzee akaushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, akagoma kutoka. Kalla alikuwa amewafikia, na kwenye mita za mwisho akawapita wote. Sekunde 20 na ushei ndani ya kilomita 5, nyie mnaita bahati!

Kilichonichoma zaidi ni mpwa wangu wa Morogoro. Amesoma makala yenu, kanipigia simu: "Mjomba, si wanateleza tu hao? Kazi iko wapi?" Kazi iko Alpe Cermis, Italia. Ule ni mteremko ambao watalii huushuka kwa skii, lakini Tour de Ski, mashindano ya mbio kadhaa ambazo muda wake hujumlishwa, humalizikia juu yake, yaani wanamichezo wanaupanda na skii zao, wakijisukuma kwa miguu na fimbo mbili mikononi, kifua kikiwaka. Januari 2008 Kalla, binti wa miaka 20, alianza nyuma ya Virpi Kuitunen wa Ufini, akampata humo humo mlimani na kubeba mashindano yote. Vancouver 2010 akatwaa dhahabu ya kilomita 10. Tangu Toini Gustafsson mwaka 1968, hakuna mwanamke wa Uswidi aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki ya peke yake katika mbio hizi. PyeongChang 2018 akachukua dhahabu ya kwanza kabisa ya michezo ile, na aliyeachwa nafasi ya pili ni Marit Bjørgen wa Norwei, si mtu wa mchezo. Alipostaafu 2022 alikuwa na medali 9 za Olimpiki, dhahabu 3 na fedha 6. Na nyie mkaona meno!

Wala si kwa Wazungu tu. Dada zetu wa netiboli wakishinda, picha mnayoweka ni ya mheshimiwa akishika kombe, halafu kurasa mbili zinazofuata ni uvumi wa usajili wa Uingereza.

Napendekeza mwandishi wenu apelekwe Kitonga saa sita mchana, apewe fimbo mbili, aupande mlima wote kwa kukimbia, malori yakimpigia honi. Akifika juu aandike upya, akiwa bado anahema. Picha nayo mbadilishe: yule anayeruka angani yuko kwenye mchezo mwingine kabisa, tena ni mwanamume.

Msomaji wenu,
Norrbotten, Uswidi