Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wafugaji wa mbwa, salamu. Ya kawaida nayapitia mbio maana mnayajua: chanjo ya kichaa cha mbwa tulifanya, matembezi ya Jumapili yaliendelea hadi mvua, siku ya maonyesho ilifana (tenti nilitoa mimi, sijadai hata senti).

Sasa lile jambo. Kamati iliamua mbwa yeyote wa aina ya German Shepherd au Rottweiler asipandishwe kwa jina la chama bila eksirei ya viwiko, maana kuna ugonjwa wa viwiko kukua vibaya, na dume mmoja mnayemjua wote akatolewa kwenye orodha ya mbwa wa kupandisha. Nimeitwa mengi tangu siku hiyo, eti nina kinyongo. Hebu tuelewane. Mguu wa mbele wa mbwa, kutoka kiwiko kushuka, una mifupa miwili, radiasi na ulna, na lazima ikue pamoja kama watu wawili waliobeba kitanda. Radiasi ikibaki fupi hata milimita mbili tatu, uzito unaangukia kile kijipembe cha ulna upande wa ndani, kinapasuka. Ikiwa ulna ndiyo imebaki nyuma, kile kipande cha juu nyuma ya kiwiko kinasukumwa, na kwa German Shepherd kinatakiwa kiwe kimeshashikana na ulna kufikia kama wiki ya 20 ya umri, kisiposhika ndo basi tena, kiwiko kinasagika taratibu.

Gredi za viwiko kwenye eksirei ni 0 hadi 3, 0 ni safi, 3 ni mbaya kabisa. Huyo dume alipata 2. Mwenye mbwa akaniambia mbona hachechemei? Jamani, miguu yote miwili ikiuma atachechemea upi? Mimi nilimwangalia akishuka kwenye pikapu, akasimama kwanza, akapima, viwiko vimetoka nje, ndo akaruka. Na ugonjwa huu unarithiwa, watoto wake ndo tunawauzia watu. Jike wangu mwenyewe alitoka 1 nikamtoa, hakuna aliyenipa pole. Na nyie mnaowamwagia watoto wa mbwa unga wa kalsiamu juu ya chakula cha dukani acheni, mnaharibu mifupa huku mkidhani mnajenga.

Pesa: tuko 46, waliolipa ada ni 24 kwa shilingi 1,500 kila mmoja, jumla 36,000. Tulichangia eksirei za mbwa 9, 3,500 kila mmoja, 31,500, kwahiyo zimebaki 4,500. Wanaouliza pesa imeenda wapi wengi ni katika wale 22 ambao hawajalipa, sitaji mtu. Mkutano mkuu walikuja 11, nilikuwa nimeagiza mandazi ya watu 40, tumekula wiki nzima nyumbani.

Mwakani Mungu akijalia tutaongea na daktari atupunguzie bei ya eksirei, labda na semina ya chakula, tutaona. Namba ya mweka hazina ni ile ile.