Taarifa ya Mwenyekiti ya mwaka 2024: kazi zetu, hela zilipoenda, na kwanini tulichapa vitabu vya mzee

Ndugu wanachama, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, asalaam aleikum na Bwana asifiwe. Nawashukuru nyie 19 wa chama chetu cha maigizo ya watoto mliofika leo hapa Chikongola, Mtwara. Wasiofika naomba mkawafikishie haya nitakayosema, maana mwaka mzima nimesemwa pembeni, lakini mtu akiitwa kikaoni haonekani.

Kwenye kazi za mwaka sitakaa sana kwasababu mlikuwepo au mmesikia. Mazoezi ya Jumamosi chini ya mwembe yameendelea, shule tatu tumezitembelea, na onyesho kubwa tumefanya Mikindani. Siku ya dunia ya maigizo ya watoto ni Machi 20 ila mwaka huu iliangukia ndani ya mfungo, kwahiyo tukaisogeza mpaka Jumamosi ya Aprili 20 baada ya Idi na watoto walijaa mpaka wengine wakapanda ukutani. Watoto wapya tumepata 23, walioacha 9. Mwezi wa 6 na Desemba mazoezi yalipungua kwa ajili ya jando na unyago, hilo tunalijua wote. Maleba mapya yapo, ngoma moja imepasuka, basi.

Sasa niingie kwenye hii ishu ya vitabu vya mzee, yani kuchapa maigizo ya mzee wetu kwa hela ya chama bila kupita mkutano mkuu, ambayo imefanya watu wengine wasinisalimie hata sokoni.

Nianze na mzee mwenyewe, maana nyie mliojiunga juzi mnamuona tu kama yule babu anayekaa kwenye kiti cha plastiki wakati wa mazoezi na kutikisa kichwa mtoto akikosea. Yule mzee ameanza kuigiza akiwa mwanafunzi miaka ya 70, enzi za ngonjera na vichekesho mashuleni. Alipomaliza la 7 akawa kibarua kwenye maghala ya korosho, msimu ukiisha anafunga ngoma yake kwenye keria ya baiskeli anaingia vijijini, Newala, Tandahimba, Nanyamba, mpaka huko Msimbati ufukweni, anaigizia watoto. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa, jioni alipewa muhogo na mahali pa kulala.

Mimi nimemuona mara ya kwanza mwaka 1988, nikiwa darasa la 3 kijijini kwetu upande wa Mtama. Tumekaa chini uwanjani, akatokea fisi nyuma ya darasa, kavaa gunia na mkia wa kamba ya katani, tukatimua mbio wote hadi waliokuwa wakubwa. Nikageuka nikamuona fisi amekaa chini peke yake uwanja mzima analia kwasababu tumemkimbia. Tukaanza kurudi mmoja mmoja, na yule mtoto wa kwanza kumshika bega ndo aliyemuuliza unalia nini, na igizo likaanzia hapo hapo kwenye lile swali. Kwahiyo akija mtu kuniambia mzee hana lolote namuona hajui anachosema, mimi nipo mbele yenu leo kwa sababu ya yule fisi.

Na kazi yake ya utunzi ilivyo ni hivi. Yeye hakai chini kuandika kwanza. Anaigiza kijiji cha kwanza, cha pili, cha tatu, anaangalia watoto wanachoka wapi, wanaanza kuchezea mchanga wapi, wanasimama wapi, akirudi nyumbani ndo anaandika kwenye kaunta buku. Lile la pweza mwenye mikono nane aliyekataa kukopesha hata mmoja alilibadilisha mara sita, na mwisho wake aliutoa kwa mtoto wa Msimbati aliyepiga kelele kutoka nyuma kwamba pweza ajikopeshe mwenyewe basi tuone. Madaftari yake pembeni kote kuna neno moja kwa kalamu nyekundu, MARA!, yani hapo lazima kitu kitokee, mlango ugongwe, mtu aanguke, taa izime, maana anasema mtoto ukimuacha dakika mbili bila jambo umeshampoteza.

Kuna mwanachama alisimama akasema maigizo ya watoto sio kazi ya mtu kuitwa mtunzi, na mzee hana cheti. Mimi nilipokwenda kozi fupi Bagamoyo nilikopeshwa kitabu cha Muingereza mmoja anaitwa David Wood, alikiandika na mwenzake Janet Grant, kimetoka 1997, kinahusu maigizo ya watoto tu mwanzo mwisho. Huyu bwana amezaliwa 1944, ni muigizaji kabisa, alicheza kwenye filamu ya If.... mwaka 1968, angeweza kubaki huko kwenye filamu akala maisha. Lakini toka 1967 alikuwa ameshaanza kuandikia watoto na hakuacha. Mwaka 1976 akatoa The Gingerbread Man, mtu wa biskuti kwenye kabati la vyombo anahangaika kupata asali ya kumtibu ndege wa kwenye saa aliyepoteza sauti, waigizaji 6 tu, chumvi na pilipili wamo, panya yumo. Mwaka 1979 yeye na John Gould wakaanzisha kikundi cha Whirligig kikazunguka miji ya Uingereza kama miaka 25, watoto wakaona igizo kwenye ukumbi mkubwa kama watu wazima. Hadithi za Roald Dahl, mtunzi maarufu wa vitabu vya watoto, pia kazigeuza maigizo. Na 2004 wenzetu wakampa nishani ya OBE, nishani ya heshima ya Uingereza.

Na kwenye kile kitabu anachosisitiza ni hiki, kwamba igizo la watoto lazima lijae vile vitu vya ghafla, kila baada ya muda kidogo kitu kitokee cha kuwarudisha watoto. Kwakweli niliposoma pale nilisisimka mwili maana ni ile MARA! ya mzee wetu, mtu ambaye hajawahi kumsikia huyo Muingereza wala kuona kitabu chake. Watu wawili hawajuani, mmoja kumbi za Uingereza mmoja uwanja wa vumbi Nanyamba, wamefika sehemu moja kwa kuangalia watoto. Mmoja ana nishani na vitabu, mwingine madaftari yake 3 kati ya 14 yameliwa na mchwa. Ndo hapo nikasema hapana.

Na sio mambo ya wazungu peke yake. Ebrahim Hussein ni mtu wa huku huku kwetu Kusini, amezaliwa 1943, tamthilia yake ya Kinjeketile ilichapwa 1969 ndo maana mpaka leo inasomwa mashuleni, na vita yenyewe ya Maji Maji ilianzia hapo Nandete, Kilwa. Ingebaki kwenye daftari chini ya kitanda nani angeijua?

Sasa kuhusu utaratibu, maana ndo mnaponibana. Katiba yetu inasema matumizi zaidi ya laki tano yapite mkutano mkuu. Sawa. Niliitisha mkutano Februari, mkaja 11. Nikaitisha tena Machi 9, mkaja 14. Akidi ni 24. Mzee ana mtoto wa jicho macho yote mawili, mwandiko wake mwenyewe anausoma kwa shida, sehemu nyingine zilizofutika ilibidi anitamkie mimi niandike, na mchwa hawasubiri akidi. Kamati tendaji tulikaa 5 kati ya 7 tukakubaliana, mhtasari upo na sahihi zipo. Kama ni kosa, basi kosa hilo lina wenyewe wengi, na walioanza ni wale waliokuwa nyumbani siku ya mkutano.

Wapo waliotaka ile hela tununue spika na maiki, milioni moja na laki sita. Siwalaumu, spika ni nzuri. Ila mzee kaigiza miaka 40 bila maiki na mtoto wa mwisho nyuma anasikia, na spika ikiharibika utapata nyingine, mzee akiondoka na yale maigizo kichwani hatupati mengine.

Halafu hili la kusema mzee ni mjomba wangu. Mimi Mmwera wa Lindi, mzee Mmakonde wa Newala, hatuna undugu wowote. Kazi ya kuchapa madaftari 11 kwenye kompyuta nimeifanya mwenyewe toka Januari, usiku, baada ya kazi zangu, umeme wangu, bando langu, na chama sijakidai hata mia. Safari za kwenda kwa mzee kuhakiki maneno nimelipa boda mwenyewe zaidi ya mara 20. Vitabu vilichapwa Dar na vikakwama huko wiki kadhaa kwasababu barabara ilikatika Somanga wakati wa kimbunga Hidaya mwezi wa 5, na hapo pia nikaambiwa nimekula hela, vilipofika hakuna aliyekuja kusema samahani.

Na mliouliza kwanini jina la mzee ndo lipo juu ya kitabu na sio la chama, ni kwasababu katunga yeye. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, yani hata wajukuu zake. Tumeandikiana karatasi, chama tutaigiza bure muda wote, wengine wakitaka kuyaigiza wataongea naye. Hilo mimi siwezi kulibadilisha na sitaki kulibadilisha.

Hela kwa ujumla. Tulianza mwaka na 1,940,000. Ada imeingia 482,000, viingilio 315,000, shukrani za shule tatu 360,000, mauzo ya vitabu 304,000, jumla 3,401,000. Tumetumia 2,635,000, humo kuchapa nakala 200 ni 1,480,000, mkono wa shukrani kwa mzee 300,000, usafiri 410,000, maleba na rangi 265,000, ukumbi 180,000. Kimebaki 766,000. Risiti zote anazo mhazini, njooni muangalie.

Ada sasa. Tupo 47, ada ni elfu mbili kwa mwezi, 24,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 16. Waliolipa kidogo kidogo 9. Waliobaki 22 hawajatoa hata shilingi, na humo wamo waliopiga kelele zaidi kuhusu matumizi. Chama kinadai 646,000. Najua korosho mpaka mnada uishe hela haionekani, lakini minada ilifanyika Oktoba, Novemba, Desemba, watu wamelipwa, pikipiki mpya tumeziona, ada hatujaiona. Na mahudhurio msimu huo ndo yanakufa kabisa, kuna Jumamosi ya Novemba nilikuwa mimi, mzee na watoto 31, mtu mzima mwingine hamna. Mzee haoni vizuri lakini alikuja kwa bajaji, kijana wa kilomita moja hakuja. Iliniuma sana.

Mwakani Mungu akipenda tutajaribu kufika Kilwa, na nina matumaini ya kupata mfadhili wa matibabu ya macho ya mzee, kuna watu naongea nao. Spika pia tutaliangalia hela ikiruhusu. Tamasha la MaKuYa, lile la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, likiwepo tutaomba nafasi ya watoto.

Vitabu, nakala 38 zimeuzwa kwa 8,000, nakala 60 tumezigawa mashuleni, 102 zipo kwangu kwenye maboksi, nimeziinua juu ya matofali mchwa wasizifikie. Mwanachama anayelipa ada yake leo aondoke na kimoja. Mzee amekaa pale nyuma, amenishika mkono asubuhi akaniomba nimsomee kurasa ya kwanza ya lile la fisi, nimemsomea, kaniambia kuna MARA! moja nimeiruka. Nitairekebisha toleo lijalo.

Naomba kuwasilisha.