Mwacheni saisi aseme

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi na sijawahi kuliandikia hata mara moja. Safari hii nimesukumwa na farasi.

Jumapili ya pili ya mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka 9 kwenye zizi moja la farasi hapa Nairobi, upande wa Karen. Jina silitaji, kwa kuwa sitaki mtu apoteze kazi kwa ajili ya barua yangu. Mtoto alikuwa ameniimbia farasi asubuhi na jioni kwa muda wa miezi mitatu. Mama yake alisema ni ghali. Nikamwuliza, pensheni ni ya nini basi? Tukatoka Buruburu mapema, tukadandia matatu ya 111 mjini, tukateremka na kukata barabara ya vumbi yenye ua mrefu wa kayaba hadi langoni.

Langoni unalipa kwanza. Shilingi 1,500 kwa dakika 20, kwa M-Pesa tu, noti hawagusi. Halafu unapewa fomu ya kurasa mbili, Kiingereza cha mawakili, herufi ndogo kama sisimizi. Msichana wa mapokezi akaniwekea kidole pale pa kutia sahihi, kama kwamba nilikwenda pale kubonyeza kidole gumba. Nikatoa miwani nikaisoma yote, foleni ikikohoa nyuma yangu. Kiini chake ni kwamba mtoto akianguka, shauri yako. Afanye nini ili asianguke, hilo halimo.

Helmeti zilikuwa zimetundikwa ukutani, kama kumi na mbili hivi. Mjukuu wangu alikuwa amesukwa rasta za kufika mgongoni, zikafungwa fundo utosini. Hakuna helmeti iliyomwingia. Kubwa kuliko zote ilikaa juu ya lile fundo kama kifuniko cha sufuria juu ya sukuma wiki ambayo haijanywea. "Si aende tu hivyo," akasema yule msichana, "huyu farasi ni mpole." Mhariri, nimekuwa muuguzi kwa miaka 34, na kumi kati ya hiyo niliimaliza katika wadi ya majeruhi. Watoto walioletwa kutoka kwenye bodaboda bila helmeti nimewaosha kwa mikono hii. Nikalifungua fundo palepale, nikazigawa rasta mafungu mawili, nikazishusha shingoni, helmeti ikakaa. Hapo dakika kama nane zikapotea, na baadaye nikagundua kwamba saa yao ilikuwa imeshaanza kuhesabu tangu tulipotia sahihi.

Nusu ya wasichana wa mji huu wamesukwa. Nilipopiga simu kuweka nafasi waliniuliza jina, umri wa mtoto na saa tutakayofika. Habari ya nywele hawakuuliza. Uzito pia hawaulizi, au hawamwulizi kila mtu, kwa sababu mbele yetu alipandishwa baba mmoja mnene, wa kilo mia na ushei kwa jicho langu la wadi, akisukumwa na watu wawili juu ya farasi mwembamba aliyekuwa akitafunatafuna lijamu, kile chuma cha mdomoni, kwa kero. Baba yangu alikuwa akisema farasi asibebeshwe zaidi ya fungu moja la tano la uzito wake, pamoja na tandiko. Kwa farasi wa kilo 450 hizo ni kilo 90, basi.

Namtaja baba yangu kwa sababu hapo ndipo panaponiuma. Alikuwa saisi. Vijana wengi neno hili hawalijui tena: ni yule anayemlisha farasi, anamsugua, anamsafisha kwato, anamtembeza, na farasi akiugua analala karibu naye. Alifanya kazi Ngong, kwenye uwanja wa mbio za farasi uliofunguliwa mwaka 1954 mbio zilipohamishwa kutoka Kariokor. Sisi tulikaa Kibera. Saa kumi alfajiri baba alikuwa ameshatoka kwa miguu, maana farasi wa mbio hufanyishwa mazoezi kabla jua halijachoma. Aliporudi alinuka nyasi kavu na jasho ambalo si lake. Jumapili za mbio tulichungulia kupitia ua wa uwanja tukimwona ameshika hatamu, mgongo umenyooka, haongei. Farasi wake akishinda, picha ilipigwa: mwenye farasi, mpandaji, na kikombe. Tulikuwa na moja nyumbani, imekatwa kutoka gazetini. Baba naye yumo. Ni ule mkono pembeni, hadi kwenye kiwiko.

Lakini nyumbani hakuishiwa maneno. Alitufundisha farasi kwa benchi la jikoni. Usimjie kwa nyuma, wala usimjie wima usoni, kwa kuwa macho yake yako pembeni na sehemu hizo mbili hazioni. Mjie begani, ukisema naye. Akilaza masikio nyuma, ondoka. Panda kwa upande wa kushoto. Kisigino chini, na kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, weka nusu ya mbele tu ya mguu, ili ukianguka usinase ukaburutwa. Aliposema "ukaburutwa" alikuwa akitukazia macho mmoja mmoja, na mdogo wangu, ambaye hajapanda farasi hadi leo, bado huota ndoto hiyo.

Saisi aliyetuletea farasi Jumapili ile alikuwa mtu wa rika langu, amevaa gambuti na ovaroli ya bluu. Farasi alikuwa wa kahawia, na baka jeupe kwenye paji la uso. Juu ya mlango wa kibanda chake pana kibao chenye jina refu la Kiingereza, ila saisi alimwita "Mzee". Nikamsalimu, nikamwomba amwelekeze mtoto kwanza. Akatazama upande kisha akanijibu kwa sauti ya chini: "Mama, sisi hatuongei na wageni. Madam ndiye huwaelezea." Madam alikuwa kwenye uwanja wa pili akiwafundisha watoto wanaolipiwa kwa muhula. Akatupungia mkono kutoka mbali kwamba tuanze tu.

Sasa tazama hicho kimya kinavyofanya kazi. Karibu na ua alisimama farasi mweupe aliyefunikwa macho. Mama mmoja akapaza sauti, "Ona vile wamemfunga macho, maskini!" akampiga picha, na nadhani kabla hajafika nyumbani dunia nzima ilikuwa imeshalia naye. Kile ni chandarua. Farasi anaona kupitia humo kama wewe unavyoona ukiwa ndani ya neti ya kitanda, na nzi hawamfikii machoni. Masaisi wawili walikuwa hatua tatu kutoka kwa yule mama. Wanajua hayo kuliko mimi. Wakatazama chini.

Mvulana mwingine alikuwa akimlisha farasi krispi, moja moja, kwa ncha za vidole. Hayo ni makosa mawili kwa mpigo. Vidole vinaweza kuchukuliwa pamoja na krispi. Na farasi hawezi kutapika; kilichoingia lazima kipite chote, na tumbo likimsokota anaweza kufa. Saisi mmoja akaja, akamshika mtoto mkono, akaukunjua kiganja ukawa bapa kama sahani, akaweka kipande cha karoti katikati. Neno hakusema. Hilo ndilo somo pekee nililoliona likitolewa siku ile.

Katika mzunguko wa tatu kijana mmoja wa kundi la sherehe ya kuzaliwa akachomoka nyuma ya Mzee, simu juu, akitafuta picha. Mzee akaruka kando. Mjukuu wangu akapoteza kikuku cha kulia, akaning'inia. Saisi aliivuta kamba ikawa fupi kwa mkono mmoja, wa pili ukamshika mtoto mshipi wa suruali, na hapo ndipo niliposikia sauti yake kamili kwa mara ya kwanza, tena sauti nzuri: "Pole, Mzee. Pole baba. Simama." Farasi akasimama, akitetemeka ngozi. Yote hayo yalichukua muda wa kuvuta pumzi mbili.

Madam akaja mbio. Akamfokea saisi. Kwa nini hakumdhibiti farasi, mbele ya wageni, tena na mtoto juu! Kijana mwenye simu alikuwa akiangalia kama picha imetoka.

Si mtu mbaya, Madam. Alituletea soda, akanirudishia nusu ya pesa kabla sijaomba. Tena najua kumfuga farasi si mchezo: nyasi kavu za msimu wa jua bei yake ni ya kulia, viatu hubadilishwa kila wiki sita au nane, kila mwaka kuna chanjo ya ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, na bila chanjo farasi mzima wa asubuhi unaweza kumkuta amelala chini povu puani. Bei yake siinung'unikii. Nilimwuliza jambo moja tu: kwa nini wanaume hawa, walioishi na farasi miaka mingi kuliko umri wake, hawaruhusiwi kusema na wageni? Akasema Kiingereza chao si kizuri, na wageni hupenda mambo yenye hadhi.

Niliwatazama wageni wale, Mhariri. Kikundi cha kanisa kutoka Rongai. Akina mama wakiongea Kikamba. Watoto wa sherehe wakitukanana kwa sheng. Kiingereza pekee nilichokutana nacho pale kilikuwa kwenye ile fomu na kwenye vibao vya farasi.

Ninachoomba kwa wenye mazizi ya mjini ni dakika tano. Kabla mgeni hajapanda, saisi asimame naye ubavuni mwa farasi na kumwambia kwa Kiswahili pa kusimama, pa kushika, farasi akishtuka afanye nini, na watazamaji wakae wapi. Saa ianze kuhesabu mtu akiwa ameketi kwenye tandiko. Kwenye simu ulizeni uzito bila aibu, na mseme habari ya nywele, ili tujue kusuka nini wiki hiyo. Na fomu ikiwa lazima, iandikwe pia kwa lugha ambayo mtia sahihi angeitumia kumwonya mwanawe.

Sisi wageni nasi tuna yetu. Nilimwona mama amekuja kupanda kwa slipa. Baba mmoja alikataa helmeti kwa sababu itaharibu picha. Watu wazima walikuwa wakipiga mluzi ili farasi wageuze vichwa. Tunadhani tiketi imetununulia baiskeli yenye manyoya. Lakini hakuna aliyetuambia vinginevyo, na walioweza kutuambia walikuwa wamesimama palepale, kamba mkononi.

Kwenye matatu ya kurudi nilitarajia kusikia habari za farasi hadi masikio yaume. Mtoto akanyamaza mpaka tulipopita Dagoretti Corner, kisha akaniuliza, "Shosho, kwani kwa nini yule guka hakujitetea?" Nilijifanya natafuta nauli, ingawa nilikuwa nimeshalipa.

Tumeweka nafasi tena, Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Rasta zimefumuliwa na amesukwa mistari inayolala kichwani. Juzi nilipiga simu nikamwambia msichana wa mapokezi kwamba tunamtaka saisi yule yule. Akaniuliza anaitwa nani. Nikajibu sijui, kwani wewe humjui? Naye akasema kwenye orodha yake kuna majina ya farasi tu. Basi nikamwambia aandike hivi: yule anayemwita farasi Mzee.

Nyanya wa wajukuu wanne,
Buruburu, Nairobi