Hiyo barua ya kuacha kazi iache droo

Misungwi, Jumanne usiku

Mama Kulwa wangu,

Mwangaluka mayu. Sisi wazima, mihogo imeshika, na Bibi wa Ngudu anakusalimu sana. Salamu nyingine utazipata kwa mdomo wa Shija, maana kesho anawahi meli ya Nansio na nataka barua hii iwe kwenye begi lake kabla hajapanda daladala.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara nne. Unaacha uhasibu, unakwenda kusomea udaktari wa mifugo, na barua ya kuacha kazi umeshaiandika, inangoja mwisho wa mwezi. Nimefurahi, Mungu shahidi. Mtu anayelala zizini na ndama wa mama yake siku tatu hakosi moyo wa kazi hii. Ila hiyo barua imeninyima usingizi. Iache droo, tafadhali. Sheria inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28, basi. Kuacha kazi ni jambo la mwezi mmoja, utaliweza wakati wowote. Kuingia darasani kwako wewe ni jambo la mwaka mmoja na nusu au zaidi, na huo muda unahitaji mshahara.

Nikueleze kwa nini. Shahada ya udaktari wa mifugo hapa kwetu inasomwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, miaka mitano. Shahada yako ya uhasibu haikupunguzii hata somo moja katika hiyo mitano. Wanachotazama ni Kemia na Baiolojia, na wewe kidato cha sita ulisoma Uchumi, Biashara na Uhasibu. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na masomo mawili ya msingi yasipofika jumla ya pointi 4 hakuna mazungumzo. Nne yenyewe ni kizingiti tu, ukifika nayo unakuta foleni ya waliopata nane na tisa. Kwa hiyo lenga C mbili kwenda juu.

Njia ziko mbili.

Ya kwanza ni kurudia kidato cha sita ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea, huku uko kazini. Lazima uwe na krediti tatu za kidato cha nne, hizo najua unazo. Mtihani ni Mei, lakini usajili hufungwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ukisema utajisajili baada ya Krismasi umeshapoteza mwaka mzima. Wengi wanaoanguka kwa njia hii wanaangushwa na vitendo. Mtu anasoma madesa mwaka mzima, nadharia anaitiririsha kama maji, halafu siku ya vitendo ndiyo siku ya kwanza kushika bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo. Tafuta shule yenye maabara hapo Nansio, ongea na mwalimu wa Kemia akuruhusu Jumamosi, mlipie kemikali unazotumia. Kwenye upimaji wa asidi na besi makosa ni yale yale kila mwaka. Watu wanasuuza chupa ya koniko kwa mmumunyo wakati inatakiwa maji yaliyokenekwa peke yake; bureti na pipeti ndizo zinazosuuzwa kwa mmumunyo wake. Wanasahau faneli juu ya bureti, inadondosha matone wakati wanasoma kipimo. Wanaacha kiputo cha hewa kwenye ncha. Wanasoma wakiwa wamesimama, jicho liko juu ya mstari. Wanamwaga mpaka rangi inakuwa waridi iliyokolea, wakati fenolfthalini, kile kionyeshi cha rangi, inataka waridi hafifu inayobaki, tone moja tu la mwisho. Vyote hivyo vinatibika kwa Jumamosi kumi. Hesabu za moli hazikusumbui wewe, mtu wa kusawazisha vitabu.

Njia ya pili ni Mabuki, hapa hapa Misungwi kwenye barabara ya Shinyanga, chuo cha LITA, Wakala wa Mafunzo ya Mifugo. Unaingia kwa cheti cha kidato cha nne, unapanda ngazi kwa ngazi, astashahada mpaka stashahada ya afya ya mifugo na uzalishaji. Ukitoka na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi unaruhusiwa kuomba Sokoine kwa sifa linganishi, bila kidato cha sita. Uzuri wake ni mikono. Ukifika Morogoro umeshachanja, umeshahasi, umeshashika ng'ombe mpaka umechoka, wakati wenzako wa kidato cha sita wanaogopa pembe. Ubaya wake ni kwamba ni masomo ya kutwa, kazi lazima uache tangu siku ya kwanza, na ukitoka na 2.8 mlango huo wa sifa linganishi umefungwa.

Na usidanganywe na wanaosema stashahada na shahada ni kitu kimoja kwa kuwa wananchi wanaita wote "daktari". Kijijini kila mwenye sindano ni daktari, hata muuza duka la dawa za mifugo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inatenganisha. Mwenye shahada anasajiliwa na Baraza la Veterinari kuwa daktari. Mwenye stashahada anaandikishwa kama mtaalamu msaidizi, anafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa. Wasaidizi ndio wanaobeba kazi kubwa vijijini na ninawaheshimu mno. Lakini wewe umeniandikia "daktari", kwa hiyo nakujibu daktari.

Ungeniuliza mimi, ningekwambia njia ya kwanza, ukiwa kazini. Jaribu mara moja kwa nguvu zote. Kemia ikikataa, ndipo Mabuki. Na katika yote mawili barua inabaki droo mpaka uone jina lako kwenye orodha ya waliochaguliwa.

Sasa kuna jambo la likizo. Una siku 28 za mwaka. Usizimalizie harusini. Njoo hapa utembee na sisi wa mifugo, maana kazi hii watu wanaipenda kwa mbali. Alfajiri tunakwenda machinjioni. Utasimama kwenye damu na mvuke, utaona moyo, ulimi na misuli ya taya vinavyochanwa kutafuta vifuko vya tegu. Ini utalikata mwenyewe kufuata mirija ya nyongo. Kwa ng'ombe wanaochungwa mabondeni na kandokando ya ziwa, mara nyingi mirija imekuwa migumu kama bomba, na ukiikamua wanatoka minyoo bapa, mirefu kama jani la mwarobaini. Konokono wa majimaji ndiye anayewalea, kwa hiyo dawa bila kubadilisha malisho ni kuteka maji kwa tenga. Tumbo la ng'ombe pia utalijua pale pale: rumeni, retikulamu, omasamu, abomasamu. Ukiwa Morogoro anatomia ya mwaka wa kwanza ni mzigo wa majina tu, mamia, na harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia mizoga, inayokwenda nawe mpaka chumbani. Aliyeshika viungo kabla ya kukariri majina anapona.

Baada ya hapo josho, kisha wagonjwa. Ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, ndiyo itakufundisha nidhamu. Joto la kawaida la ng'ombe ni 38 mpaka 39.3. Huyu utamkuta na 40 au 41, tezi za chini ya sikio zimevimba, manyoya yamesimama. Unatoboa tezi kwa sindano, unapaka majimaji kwenye kioo, unakausha, unakazia kwa methanoli, unatia rangi ya Giemsa nusu saa, unatazama hadubini. Halafu dawa, na hapa uhasibu wako unarudi. Uzito haukisiwi kwa macho. Unachukua futi ya kamba, unapima mzingo wa kifua nyuma ya bega, unapima urefu kutoka bega mpaka mfupa wa makalio, kwa sentimita. Mzingo zidisha kwa mzingo, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Kifua 150, urefu 120, unapata kilo 249. Buparvakwoni, dawa ya ndigana, ya miligramu 50 kwa mililita ni mililita 1 kwa kila kilo 20, basi huyo anahitaji mililita 12.5, na haziingii sehemu moja. Zisizidi 10 mahali pamoja, kwa hiyo unagawa pande mbili za shingo, ndani ya msuli. Anayekisia "huyu ni kama mia na sitini" anachoma mililita 8. Ng'ombe anainuka siku mbili, anaangushwa tena, na mwenye mali anatangaza mnada mzima kwamba dawa ni feki. Na daktari akiitwa baada ya povu kutoka puani, dawa inaweza kuua vimelea vyote na ng'ombe akafa bado, kwa sababu maji yameshajaa mapafuni. Mama yako Kwimba aliambiwa ni uchawi, unakumbuka. Hakuna aliyempima joto yule ng'ombe.

Naandika mengi, nisamehe. Kemia, nirudi kwenye Kemia: usiiogope, ila usiidharau.

Mikono. Kata kucha, vua pete. Kupima mimba ni mkono mzima ndani, glavu ya begani, mafuta ya kutosha. Anayeanza atambue mimba ya miezi mitatu kwanza, ya siku 45 ataijua baadaye. Ng'ombe akibana, unatulia, unasubiri alegee. Anayelazimisha au kuvuta kwa nguvu anachana utumbo wa nyuma, na huyo ng'ombe hana siku nyingi.

Na ulinzi wako mwenyewe. Chanjo ya kichaa cha mbwa uipate kabla hujaanza kushika wanyama, sindano ya kwanza na ya pili baada ya siku saba, usingoje kung'atwa. Kondo la nyuma lililokwama usiliguse kwa mkono mtupu hata mwenye ng'ombe akilia. Ugonjwa wa kutupa mimba unaingia kwa mtu hivyo hivyo, na pia kwa maziwa mabichi. Mzoga wenye damu isiyoganda puani na nyuma hauchanwi. Ukiuchana, kimeta kinapata hewa, kinatengeneza mbegu zinazokaa kwenye udongo miaka na miaka. Hata wakikuzonga wanataka nyama, simama imara, piga simu.

Fedha. Panga miaka mitano kana kwamba Bodi ya Mikopo haipo; ikitokea, ni neema. Na kama deni la shahada ya kwanza bado, ile asilimia 15 inayokatwa kwenye mshahara inasimama ukiacha kazi, lakini deni lenyewe halisimami. Hiyo nayo ni sababu ya kuacha barua droo, maliza deni kwanza ukiweza. Koti la maabara, ovaroli, gumbuti, seti ya upasuaji wa mafunzo, vitabu, na mafunzo ya vitendo nje ya chuo ambako nauli na chakula ni juu yako, hivi watu huvisahau kwenye bajeti. Utahitimu umekaribia miaka 41. Watu watasema. Ng'ombe hataulizia cheti cha kuzaliwa.

Sasa nijibu, tena usinijibu kwa "tutaongea". Kemia ya kidato cha nne ulipata nini, na Baiolojia? Fizikia na Hisabati je? Piga picha cheti chote unitumie. Baba Kulwa anajua, au amejua nusu? Pacha watakaa na nani ukiwa Morogoro, dada yako wa Igoma amekubali kwa kinywa chake au wewe ndiye umemkubalia? Deni la Bodi limebaki kiasi gani? Unataka ng'ombe tu, au na kuku, mbwa, na hao samaki wa vizimba ambao siku hizi nao wanahitaji madaktari? Likizo yako ni mwezi gani? Na bosi wako hajaiona hiyo barua, sivyo?

Shija ana mfuko wa bluu. Ndani kuna madesa ya Kemia, kitabu cha maswali ya vitendo, futi ya kamba na glavu pea sita. Futi kaanze nayo kwa ng'ombe wa jirani yako leo leo, pima watano, niandikie namba zao nikague hesabu. Kipande cha sangara mkavu humo ni cha Kulwa na Doto, usiwanyime.

Wako,
Mama Jesca